Nawoi Anunua Msumeno

Nawoi alipika ugali wa shule kwa miaka thelathini na mmoja. Shule yenyewe ni ya bweni, ya wasichana, kule upande wa Lorugum, na sufuria zake zilikuwa za kuogea mtu mzima. Mwiko wake ulinizidi urefu. Siku aliyostaafu wasichana waliimba, walimu wakampa blanketi na saa ya ukutani, na bega lake la kulia likastaafu siku hiyo hiyo. Mkono huo sasa unapanda hadi usawa wa kidevu, basi. Ukiuomba zaidi unagoma, na Nawoi anatoa neno ambalo sitaliandika hapa.

Mimi naitwa Ethuro. Ni jirani yake huku Nakwamekwi, Lodwar, na nilikuwa karani wa wapima ardhi mpaka walipochoka nami. Viwanja vyetu vimepakana, na vyote viwili vinateremka hadi ukingo wa mto Turkwel. Tumegombana juu ya kuku wangu, juu ya redio yake, juu ya bomba la maji, na juu ya nani aliyeanza kugombana. Hata hivyo kila asubuhi lazima nipite uani kwake kunywa chai, maana chai yake ina maziwa ya kweli.

Uani humo anaishi pia mama yake, Ata Abei. Ata ni nyanya, ndivyo tunavyowaita bibi zetu waliokula chumvi nyingi, na huyu amekula gunia zima. Macho yake yamezimika zamani, lakini masikio yake yanafanya kazi ya watu watatu. Anakaa kivulini juu ya ngozi yake, anajua mbuzi yupi amekohoa, na mimi ananijua kwa mlio wa ndala zangu. Nikifika tu anasema, "Mtu wa bikoni amekuja." Bikoni ni vile vipande vya chuma na saruji ambavyo wapimaji huvizika kwenye pembe za kiwanja. Jina langu halisi alikuwa hajalitaja kwa miaka minane, na sababu nitaieleza, ingawa sipendi.

Pale ukingoni palikuwa na miti minne ya ewoi, migunga mikubwa yenye kivuli kipana, na mbuzi wa Ata walivuka kiangazi kwa kula maganda yake. Miti ya namna hiyo kwetu ina wenyewe. Kila ukoo una kipande chake cha miti kando ya mto, tunakiita ekwar, na hata kama mwenyewe amehamia mbali, hukati tawi lake bila kumuuliza. Mambo hayo nayajua tangu utotoni. Lakini nilikuwa nimekaa na ramani miaka mingi mno. Viwanja vilipopimwa, mitatu kati ya ile minne ikaangukia ndani ya bikoni zangu, nami mjinga nikaiamini saruji kuliko nilivyomwamini bibi aliyewalisha mbuzi wake maganda ya miti hiyo tangu sijazaliwa. Watu wa makaa walipokuja na msumeno wa petroli wakauliza miti ni ya nani, nikawaonyesha hati yangu.

Ata alikuwa amekwenda matangani Lorugum. Alirudi siku ya pili akiongozwa na Nawoi, akaukuta ule msumeno bado unanguruma. Wakati huo hawakuwa wakikata, walikuwa wakila, lakini hawakuuzima, wameuweka tu chini pembeni. Ata hakuviona visiki. Alivipapasa, kimoja baada ya kingine, mpaka cha tatu.

Wazee walinitoza mbuzi, nikalipa, wakaliwa, mambo yakaisha. Kwa Ata hayakuisha. Alikula kiapo kwamba akiwa hai hakuna mashine itakayoukaribia mti wa nne, wala mimi sitaukaribia. Chini ya mti huo ndipo alipomzaa Nawoi, na jina la Nawoi limetoka kwenye ewoi hiyo. Niliona aibu, nasema waziwazi, na kila asubuhi nilipokunywa ile chai niliiona tena.

Sasa ingia mathenge, ule mti wa miiba. Mtu yeyote wa kaskazini anaijua, haina haja ya utangulizi. Ilipandwa kuzuia mchanga, ikaamua kuzuia kila kitu: njia, mifereji, matairi, miguu ya mbuzi. Kufikia mwaka jana ilikuwa imeuzunguka ule mti wa nne pande zote, imepanda ndani ya matawi yake na kuuibia maji chini ya ardhi. Nusu ya mti ilikuwa imekauka. Tawi moja nene lilikuwa kavu kabisa.

"Kiangazi ingine moja tu, na hii mti imeisha," Nawoi aliniambia asubuhi moja, akitazama juu. "Mama atauliza kivuli imeenda wapi. Mimi nitamwambia nini?"

Nikamwambia nitaleta panga langu. Alinitazama mpaka nikalirudisha panga hilo moyoni. Nikamwambia atafute vijana. "Vijana wanakata kwa tumbo ya makaa," akasema. "Wataanza na mathenge, wataisha na ewoi, halafu wataniambia samahani mama." Yeye mwenyewe alishajaribu kwa mkono wa kushoto. Mkono huo unaweza kusonga, kufua na kumtupia kuku wangu jiwe bila kukosea, lakini panga haliuelewi. Alikata ndala yake vipande viwili, na mguu ukaponea chupuchupu.

Basi akaenda Kakuma kwenye mazishi ya binamu yake, akarudi amebadilika. Kule alimwona fundi akifyeka mathenge nyuma ya kanisa kwa msumeno wa betri, ule ambao ubapa wake unakwenda mbele na nyuma, ameushika kwa mkono mmoja kama mtu anayepiga pasi.

"Ethuro, kesho tunaenda Kakuma."

"Na kiapo cha mama yako?"

"Hiyo ni ya kesho kutwa," akasema, na ikawa ndiyo kauli ya mwisho.

Safari ya kwenda Kakuma siku hizi ni lami, haina hadithi. Hadithi ilikuwa mapajani mwa Nawoi: gogo la mathenge la unene wa mkono, limeviringishwa ndani ya leso. Nikamuuliza kama Kakuma kuna uhaba wa mathenge. "Mbuzi unamnunua umeshamwona akila," akajibu. "Na anakula majani ya kwako, si ya muuzaji."

Duka lilikuwa ndani ya soko la kambi ya wakimbizi, la mama mmoja Mdinka aitwaye Awut. Ni mrefu hivi kwamba aliongea nasi akiwa amekaa kwenye kreti la misumari na bado macho yetu yalikuwa sawa. Kazi yake ni kununua vifaa ambavyo makandarasi wanaviacha mradi unapoisha, kuvisafisha, na kuviuza.

"Ejok, mama," akasalimu kwa Kiturkana chake cha dukani.

"Ejok. Nataka msumeno ya betri."

"Iko. Unataka kukata nini?"

Hapo nikaingilia, maana sikuja Kakuma kuwa mzigo. "Lete ile yenye nguvu kuliko zote," nikasema. "Volti nyingi."

Awut akanigeuzia uso polepole. "Mzee, ni wewe utashika?"

"Hapana."

"Kalas. Wacha mwenye mkono aongee."

Nikakaa kwenye debe la rangi. Awut akapanga misumeno mitatu juu ya meza: mkubwa, ambao betri yake peke yake ilikuwa na uzito wa tofali; wa kati; na mdogo mwembamba ambao, kwa maoni yangu, ulifaa kukatia mkate. Nawoi akaisogelea mitatu hiyo vilevile anavyowasogelea mbuzi mnadani. Akaizunguka. Akaigusa shingo. Akainama, akatazama meno.

"Hii meno yake midogo."

"Hiyo bledi ya chuma," Awut akasema. "Ya bomba, ya misumari. Ukipeleka kwa mti mbichi itajaa unga na itachoka. Mti mbichi unataka hii, ona, meno makubwa, iko na nafasi katikati. Na bledi lazima ipite unene ya mti, ibaki kidogo upande ile ingine. Ikiwa fupi, ncha inagonga ndani, msumeno yote inakurukia kwa kifua."

Akamwonyesha pia kile kibati kilicho mbele, wanakiita kiatu. Kiatu lazima kiegemee mti kwanza, ndipo ubonyeze, la sivyo mashine inautikisa mti badala ya kuukata, na wewe pia inakutikisa. Nawoi akauliza ubapa unabadilishwaje. Kwenye ule mdogo, unazungusha pete, unachomoa, unachomeka mwingine, bila ufunguo. Akafanya kwa mkono wa kushoto mara tatu. Kwenye ule mkubwa pete ilikuwa ngumu, ikabidi nimsaidie, na hata mimi nilikunja uso.

"Bado ni wenye nguvu," nikasema.

Ndipo Nawoi akaushika ule mkubwa kwa mkono wake mbovu, akauinua hadi kidevuni, akafumba macho, akaanza Baba Yetu kwa sauti. Nikavua kofia. Nilidhani anaombea bei. Awut naye akainamisha kichwa, maana ni mtu wa kanisa. Kwenye mkate wa kila siku mkono ukaanza kutetemeka. Kwenye kusamehe makosa ukaanguka, msumeno ukatua mezani kwa kishindo, na Nawoi akafumbua macho akiwa ananitazama mimi. Nikavaa kofia yangu.

Msumeno wa kati ulifika hadi kwenye kishawishi. Ule mdogo ulifika hadi Amina, mkono umetulia kabisa.

"Bado," Awut akasema. "Nyinyi Katoliki mnakata mapema. Kwetu kuna ufalme, nguvu na utukufu."

"Endelea wewe, mimi nashika."

Awut akaendelea, taratibu, kwa makusudi, akiivuta milele na milele kama mtu anayefunga ibada ya Krismasi. Nawoi akashika. Walipofika Amina ya pili wote wawili walicheka mpaka mwenye duka la jirani akaja kuchungulia.

Kisha likaja gogo. Nililibana kwa goti juu ya kreti, Nawoi akaegemeza kiatu, akabonyeza. Unga wa mti ukanijaa suruali. Nakiri kwamba ule mkubwa ungelimaliza gogo lile haraka zaidi. Nilimwambia hivyo Nawoi. "Mimi naharakisha kwenda wapi?" akaniuliza, na kipande kikaanguka.

Jambo moja tu lilinichosha. Gogo lilipokwisha kukatwa, Nawoi alifumba macho tena, akawa anaubonyeza msumeno hewani na kuuachia. Anabonyeza, anaachia, anasikiliza. Anabonyeza, anaachia, anasikiliza. Mara sita au saba. Nikamwambia hicho si kifaa cha kuchezea na betri inaisha. Awut hakumharakisha.

Wakapatana bei bila kuniuliza. Awut akaongeza betri ya pili na bapa za meno makubwa, akatoa na wosia. "Betri ni maziwa, mama. Usiache kwa jua ya Lodwar. Na ikitoka kazini ikiwa moto, wacha ipoe kwanza, ndio uweke kwa chaja." Nawoi akaifunga mashine ndani ya ile leso ya gogo. Gogo tukamwachia Awut apikie chai.

Kesho kutwa ikafika, na nilijipitisha kwa chai mapema kuliko kawaida. Roho ilikuwa juu. Nilitarajia Nawoi angengoja Ata aende kanisani au kwa jirani, afanye kazi yake kimya kimya, kisha aombe radhi. Mimi ningefanya hivyo. Nawoi alikwenda moja kwa moja akapiga magoti mbele ya ngozi ya mama yake, akamwekea msumeno mapajani, bila betri na bila ubapa.

Ata hajui Kiswahili, kwa hiyo maneno yao nayaleta kutoka Kiturkana.

"Huyu ni mnyama gani?" Ata akauliza, vidole vikitembea juu ya ile shingo.

"Ni msumeno, mama. Nataka kuuondolea mti wako mathenge."

Vidole vikasimama. Mimi kikombe kilisimama njiani kwenda mdomoni. Nilijua kiapo kile kilivyo kizito, kwa sababu nimekibeba mimi.

Ata akauinua msumeno hadi puani, akaunusa upande mmoja, akaugeuza, akaunusa wa pili. "Hana harufu ya yule mwingine."

"Hanywi petroli."

"Lakini analia."

"Analia, mama. Sikudanganyi."

"Basi alie nimsikie."

Nawoi akauchukua, akasimama hatua mbili nyuma, akachomeka betri. Akabonyeza. Sauti ile uani ilikuwa kubwa kuliko ilivyokuwa dukani. Mbuzi walitawanyika. Ata alishika ngozi yake kwa mikono miwili, na uso wake ukawa uso wa siku ile ya visiki. Niliuona vizuri. Nikaruka kutoka kwenye kiti nikamnyang'anye Nawoi kile kitu nikakitupe mtoni, kiapo au si kiapo.

Nawoi akaachia kidole. Kimya kikarudi chote, papo hapo. Tukamsikia njiwa juu ya mti na mtu akifua ng'ambo ya mto.

Ata akangoja. Aliinamisha kichwa, sikio mbele, akangoja tena. Nikajua anangoja ngurumo ile ya chini chini, ambayo haikuja.

"Amekufa?"

"Hapana. Nimemwachia tu."

"Mwite tena."

Nawoi akamwita. Akamwachia. Kimya. Ndipo nikaelewa alichokuwa akikisikiliza kule Kakuma kwa macho yaliyofumbwa, wakati mimi nanung'unika juu ya betri. Alikuwa akisikiliza kwa masikio ya mama yake.

"Nipe mwenyewe," Ata akasema. Nawoi akamwekea mapajani, akakielekeza kile kidole chembamba mahali pake. Ata akabonyeza, akashtuka, akaachia. Akabonyeza, akaachia. Mara ya tano hakushtuka. Mara ya kumi alikuwa akitabasamu na fizi zake zote, na mbuzi mmoja alikuwa amerudi kuangalia kuna nini.

"Yule wa wale watu hakunyamaza," akasema, na tabasamu likaondoka. "Walikuwa wanakula, naye ananguruma. Mimi nimeshika kisiki, naye ananguruma. Nililia, na sikuisikia sauti yangu mwenyewe." Akampapasa yule wa mapajani mwake mgongoni. "Huyu anasikia akiambiwa. Mchukue. Kata mathenge yote."

Nawoi alikata asubuhi nzima. Kiatu mtini, bonyeza, achia, vuta kando. Alishuka hadi kwenye mizizi, akafukua mchanga kwa jembe na kuikata humo humo, meno ya bapa mbili yakaisha, na hakujali. Mimi nilisimama upande wangu wa mpaka, kando ya bikoni yangu, nikitoa ushauri ambao haukuhitajika. Ata alihama na ngozi yake akakaa karibu na shina, na kila msumeno uliponyamaza alisema, "Eeh."

Likabaki lile tawi kavu. Ata akasimama, akalishika shina, akauliza tawi linaanzia wapi, liko kijani hadi wapi. Nawoi akamwambia. Ata akaongea na mti kidogo, maneno yao wawili, kisha akasema tawi likatwe kiganja kimoja kabla ya penye uhai.

Lakini lilikuwa juu. Mkono wa Nawoi unafika kidevuni, basi, kwa hiyo akaleta ngazi. Ngazi ya Nawoi ina mguu mmoja mfupi. Akaiegemeza, ikayumba. Akaiegemeza upya, ikayumba. Akanitazama. Nikaitazama bikoni.

Ata aliusikia ule mguu mfupi ukigonga chini.

"Ngazi inashikwa na nani?" akauliza.

Nawoi akaiegemeza ngazi mara ya tatu.

"Ethuro," Ata akasema.

Nilitazama nyuma yangu, nasema kweli, nikadhani amekuja Ethuro mwingine.

"Ethuro, mbona umesimama huko mbali? Njoo umshikie mwanangu ngazi."

Nikavuka bikoni nikaenda. Niliishika kwa mikono miwili, na sikuiachia mpaka betri zote mbili zilipoisha.